Muda wa Benki Kumshtaki Mthamini Mzembe

Nchini Uingereza, benki iliyokopesha kwa kutegemea ripoti ya mthamini mzembe, yaani mtaalamu aliyekadiria thamani ya jengo bila uangalifu unaostahili, ina miaka 6 ya kufungua shauri, ambayo katika madai ya mkataba huhesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa, ilhali katika madai ya uzembe huhesabiwa tangu hasara ilipotokea, na hapo ndipo penye utata.

Katika shauri la benki ya Nykredit dhidi ya mthamini wake, dhamana iliyothaminiwa pauni milioni 3.5 mwaka 1990, ikakopeshewa milioni 2.45, iliuzwa 1993 kwa pauni 345,000 tu. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, likaeleza, kwa busara, kwamba hasara huanza deni linapozidi thamani halisi ya dhamana pamoja na ahadi ya mkopaji kulipa, hata kabla ya mnada.

Uzembe ukichelewa kugundulika, sheria huongeza miaka 3 tangu ujulikane, mradi isipite 15 tangu kosa lenyewe.