Klachi ya pleti mbili: Mwenye lori apige hesabu kwanza

KILA mwenye lori la kupeleka mzigo Tunduma anaijua harufu ya klachi inayoungua. Mara nyingi huipata Kitonga, mahali ambapo barabara ni nyembamba, kona ni kali, na gari likikwama katikati ya mlima huwa limewakwamisha na wengine. Kuondoka upya hapo na mzigo mzito mgongoni ndiko kunakomaliza klachi, si kilomita za tambarare.

Ndiyo maana mwenye gari akienda dukani kutafuta spea, hushauriwa ahamie klachi ya pleti mbili. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ingawa si kila anayeshauriwa anaihitaji.

Pleti moja ina nyuso mbili za kushika, moja kwenye flaiwili na nyingine kwenye presha pleti. Ikiongezwa pleti ya pili, na bamba la chuma katikati yake, nyuso zinakuwa nne. Kwa springi zenye nguvu ile ile, uwezo wa kupokea msokoto wa injini unakaribia kuwa maradufu, na dereva hahitaji kukanyaga kwa nguvu zaidi. Malori ya Kimarekani yenye giaboksi za Eaton Fuller hutumia mtindo huu, pleti mbili za inchi 15.5, yaani kama milimita 394. Malori mengi makubwa ya Ulaya yenye gia za mkono hutumia pleti moja ya milimita 430. Yote hupanda Kitonga.

Sasa tuje kwenye fedha. Namba zifuatazo ni za mfano tu, msomaji aweke zake. Tuseme seti ya pleti moja ni shilingi milioni 2, ufundi laki 3, na gari linasimama siku 3 ambazo kila moja ingeingiza faida ya shilingi 250,000. Jumla ni 3,050,000. Ikidumu miezi 10, mwenye gari anatumia 305,000 kwa mwezi. Seti ya pleti mbili tuseme ni milioni 5, flaiwili yake milioni 1.2, ufundi laki 5, na siku 4 za kusimama ni milioni 1. Jumla ni milioni 7.7. Ili fedha hiyo irudi, klachi hiyo lazima idumu zaidi ya miezi 25. Anayeiuza aulizwe swali hilo kabla ya jingine lolote.

Jibu, hata hivyo, analo dereva kuliko muuzaji. Anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ataunguza pleti mbili kama alivyounguza moja, na hasara itakuwa kubwa zaidi. Kwenye magari ya Kimarekani kuna mtego mwingine. Pedali ikifika mwisho kabisa inabana breki ndogo ya shafti ya giaboksi, ambayo kazi yake ni kuingiza gia ya kuondokea gari likiwa limesimama. Dereva aliyezoea gari la Ulaya hukanyaga mpaka chini huku gari likitembea, na breki hiyo haichukui muda kuharibika. Klachi hizo, zisizojirekebisha zenyewe, zinataka pia kupimwa kila mara. Nafasi kati ya beringi na breki hiyo inatakiwa iwe kama milimita 13. Fundi asiyeijua hesabu hiyo ni ghali hata akitoza kidogo.

Wapo wanaoitaka pleti mbili ili waongeze mzigo. Hao wanajidanganya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani ya Vigwaza haiulizi una klachi gani. Isitoshe, klachi isiyoteleza hupeleka mshtuko wote mbele, kwenye shafti ya giaboksi, propela na difu. Bei ya difu wenye malori wanaijua.

Anayebaki na sababu ya kweli ni yule ambaye injini yake imeongezwa nguvu, au ambaye kila safari yake ni milima na gari limejaa. Huyo akubali kununua na flaiwili inayolingana, maana nyingi za pleti moja hazina kina cha kupokea ya pili, na ahesabu meno ya shafti kabla ya kulipa. Wengine wanunue pleti moja halisi, wasibane matumizi kwenye beringi, na fedha inayobaki waiweke kwenye matairi.