Mgonjwa Aulizwe Kabla ya Kufundishwa



Vitabu vya sira vyatuhadithia kwamba katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra (627), sahaba mtukufu Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale mkononi, ukamkata mshipa. Mtume Muhammad (S.A.W.) akaamrisha apelekwe katika hema la Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, lililokuwa msikitini Madina, ambamo bibi huyo alikuwa akiwauguza majeruhi kwa kutaka thawabu. Na kila Mtume alipompitia Saad, asubuhi au jioni, alimwuliza ameamkaje, au ameshindaje, naye Saad akamweleza hali yake.

Tuitazame vyema khabari hii. Pale palikuwa na mwuguzi stadi, na juu ya hayo palikuwa na swali. Saad hakufanywa kuwa jeraha tu la kufungwa. Alikuwa mtu, akaulizwa, akasikilizwa.

Elimu ya uuguzi ya zama hizi imesonga mbele sana, lakini yasisitiza jambo lilo hilo. Virginia Henderson, mwuguzi wa Marekani ambaye maelezo yake yalienezwa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi tangu mwaka 1960, alieleza kuwa mwuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo mgonjwa mwenyewe angejifanyia lau angekuwa na nguvu, au nia, au ujuzi. Na kuwa humsaidia arejee kujitegemea upesi iwezekanavyo. Twaomba msomaji alishike lile la tatu, yaani ujuzi. Mgonjwa asiyejua afanyeje amepungukiwa kama yule asiyeweza kusimama, na kumfundisha ni sehemu ya kumtibu.

Hapana maradhi yanayolidhihirisha jambo hili kuliko kisukari. Mwenye kidonda hufungwa akarudi nyumbani, lakini mwenye kisukari huonana na daktari kwa dakika chache tu, kisha siku zote zilizobaki yeye ndiye tabibu wa nafsi yake. Yeye ndiye apimaye, alaye, amezaye dawa na atazamaye nyayo zake. Akikosa kuelewa, dawa nzuri hugeuka kuwa hatari mkononi mwake.

Natutoe mfano. Mzee mmoja amepewa vidonge vya glibenklamidi, ameze asubuhi na jioni pamoja na chakula. Mwuguzi amweleza yote kwa haraka, kwani foleni ni ndefu, kisha amwuliza, "Umeelewa, mzee?" Mzee ajibu, "Nimeelewa, mwanangu. Ahsante." Mwezi wa Ramadhani waingia. Mzee afanya akili yake: kidonge cha asubuhi akihamishia kwenye daku, cha jioni kwenye futari. Alasiri moja aanza kutetemeka na kutoka jasho, moyo wamwenda mbio, maneno yampotea. Watu wa nyumbani wadhani ni uchovu wa saumu, wamlaza apumzike. Kumbe sukari ya damu imeshuka, kwani kidonge cha namna hiyo huihimiza kongosho itoe insulini hata kama tumbo li tupu.

Je, mzee huyu alisema uongo aliposema ameelewa? La, hakusema uongo. Alikuwa na adabu. Katika malezi yetu mtu hamwambii mwenye elimu kuwa maneno yake hayakufahamika. Huona haya, au huchelea kumpotezea wakati. Wala mwuguzi hakukusudia ubaya, ila aliuliza swali ambalo jibu lake lajulikana kabla ya kutamkwa. Hakumwuliza kama atafunga, na mzee naye hakusema, kwa kuogopa kukatazwa.

Wala hatari hii si ya kubuni. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, juu ya wagonjwa 12,243, ilionekana kuwa asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi. Na miongoni mwao, kushuka sukari kwa namna kali kuliongezeka katika Ramadhani mara 7.5 kuliko miezi mingine. Yaani Waislamu hufunga, waambiwe wasiambiwe. Na mwenye kunyamaziwa hufunga gizani.

Sasa tazameni tofauti iletwayo na mafundisho. Mjini London wachunguzi waliwafuata Waislamu 111 wenye kisukari cha aina ya pili waliofunga, na matokeo yakatangazwa mwaka 2010. Wagonjwa 57 walifundishwa kabla ya mwezi kuingia: namna ya kupanga chakula, kupima sukari, kujua dalili za kushuka kwake, na kubadili kipimo na saa za dawa. Wengine 54 hawakupata mafundisho hayo. Kwa wale waliofundishwa, mara za kushuka sukari zilipungua kutoka 9 hadi 5. Kwa wale wasiofundishwa, zilipanda kutoka 9 hadi 36. Wote walikuwa ni wenye maradhi hayo hayo, katika mji mmoja. Kilichowatenga ni maneno waliyoambiwa wakayafahamu.

Basi mwuguzi mwema hufundishaje? Kwanza huuliza: "Baba, wewe hula saa ngapi? Nani akupikiaye? Wanuia kufunga?" Pili, hujenga juu ya maisha ya mgonjwa mwenyewe. Akitaka kumfundisha kutazama nyayo, kwa kuwa kisukari huua hisia za miguu na mtu huweza kukanyaga msumari asijue, humwambia azitazame wakati wa udhu, apitishe kidole baina ya vidole, kisha akaushe. Akisikia kuwa nyumbani hapana friji, humwonyesha jinsi ya kuihifadhi insulini mahali pa baridi, ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje, dawa yenyewe isiguswe na maji. Tatu, hasemi "Umeelewa?", bali husema, "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Hebu nieleze utakavyomwambia mama nyumbani." Hapo kosa huonekana mapema, tena aibu humshukia mwalimu, wala haimshukii mgonjwa.

Na sisi watu wa nyumbani tuna wajibu wetu. Mwenye kisukari anayetaka kufunga na amwone daktari au mwuguzi wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, yaani tangu Rajabu, aseme wazi nia yake. Aende pamoja na yule ampikiaye. Asibadilishe dawa kwa shauri la jirani, wala asiiache. Asiogope kupima sukari naye amefunga, kwani wanavyuoni wengi wa zama hizi wameona kuwa tone la damu la kidoleni haliharibu saumu. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilikata kuwa sindano za dawa, zisizokuwa za kulisha, hazifunguzi.

Sukari ikiwa chini ya miligramu 70 kwa desilita, ambayo ni 3.9 katika vipimo vya milimoli, au ikizidi miligramu 300, ambayo ni kama 16.6, au dalili zikitokea, na afungue papo hapo, hata kama magharibi i karibu. Aliyeshukiwa na sukari apewe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Tena wako ambao tabibu mwaminifu atawaambia wasifunge kabisa. Hao wasihuzunike wala wasitazamwe kwa jicho la dharau. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika Sura ya al-Baqara amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona hulisha masikini kwa kila siku. Aliyeiweka saumu ndiye aliyeiweka ruhusa hiyo, na kuipokea ruhusa yake ni utiifu.

Enyi wauguzi, ulizeni, kisha msikilize. Nanyi wagonjwa, msione haya kusema "Sikufahamu, nirudilie." Neno hilo dogo laweza kuwa ndilo sababu ya uhai.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wote wanaowauguza. Amin.