Doa Jeusi Chini ya Unyayo

Ukitoka shamba unanawa miguu. Je, huwa unatazama nyayo zako? Leo ukinawa, geuza mguu utazame chini yake.

Watu wengi wana madoa meusi mwilini. Mengine tumezaliwa nayo. Mengine yametokea baadaye. Karibu yote hayana madhara. Lakini liko doa ambalo ni saratani. Jina lake ni melanoma. Kwa watu weupe huletwa sana na jua kali. Kwetu sisi weusi hutokea zaidi chini ya unyayo, kiganjani, au chini ya ukucha.

Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika alipata melanoma kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha. Iligunduliwa mwaka 1977. Ilienea mwilini mpaka kwenye ubongo. Alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36 tu.

Daktari atajuaje kuwa doa ni baya? Kwa macho matupu ni vigumu. Hutumia lenzi ndogo yenye taa, iitwayo dematoskopu. Huiweka juu ya ngozi, na doa huonekana kubwa kama mara 10. Haichomi wala haiumi.

Sasa tazama tena unyayo wako. Ngozi yake ina mistari, kama shamba lililolimwa matuta. Kuna matuta, na kati yake kuna vifereji. Doa la kawaida mara nyingi huwa na rangi ndani ya vifereji. Melanoma mara nyingi huweka rangi juu ya matuta. Mkulima hawezi kusahau jambo hili! Lakini usijipime mwenyewe. Hata daktari, akiona matuta yana rangi, hukata kipande cha ngozi kikapimwa kwa darubini. Hapo ndipo hupata hakika.

Melanoma changa kwa kawaida haiumi. Kwa hiyo usingoje maumivu. Nenda zahanati ukiona doa linalokua, au lenye rangi mbalimbali, au linalotoka damu. Nenda pia ukiona mstari mweusi katika ukucha mmoja unazidi kupanuka. Usilikate doa kwa wembe, wala usilichome kwa dawa. Likitolewa mapema hospitalini, wagonjwa wengi hupona.

Huenda zahanati yenu haina lenzi hiyo. Huenda ukaambiwa ni kidonda cha mwiba tu. Kisipopona, rudi. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa.