Mabaka ya Paini Huanza Kabla ya Kopo la Rangi Kufunguliwa

Meza imetoka mikononi mwa seremala ikiwa safi. Viungo vimekaza, miguu imenyooka, uso umepigwa msasa hadi kiganja kinateleza. Kisha inapakwa rangi ya mbao, ile nyepesi inayoingia ndani ya ubao badala ya kukaa juu yake kama rangi ya ukutani, na ndani ya dakika moja sura inabadilika. Hapa pamekolea, pale pamepauka. Kuzunguka kifundo kumetanda weusi, na ncha za ubao zimekuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mteja aliyeagiza rangi ya mninga anaona mabaka, na lawama zote zinalishukia kopo la rangi.

Mara nyingi kopo halina kosa. Mabaka yalikuwamo ndani ya ubao tangu mti ukiwa shambani. Kazi ya kuyazuia hufanyika kabla ya kopo kufunguliwa, na kila hatua ya kazi hiyo ina sababu yake katika fizikia na katika maumbile ya mti.

Suala hili limekuwa kubwa Afrika Mashariki kwa sababu mbao zenyewe zimebadilika. Mninga, mvule na mkongo huchukua miongo mingi hadi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na miti mikubwa ya aina hizo imepungua sana. Katika karakana nyingi, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, nafasi yake imechukuliwa na mbao za miti ya kupandwa. Shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ndilo kubwa kuliko yote Tanzania, na mti wake mkuu ni Pinus patula, paini yenye asili ya Meksiko ambayo huvunwa kabla ya kutimiza miaka 30. Mbao zake ni nafuu, na ni laini kwa msumeno na kwa randa. Lakini ni nyeupe, na wateja wanataka rangi nzito waliyoizoea katika mbao za asili. Fundi hana budi kuitia rangi, na paini ni miongoni mwa mbao zinazosumbua zaidi katika kazi hiyo.

Mirija ndani ya ubao

Chini ya hadubini, zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wa paini ni seli ndefu nyembamba ziitwazo trakeidi. Kila moja ina urefu wa milimita 3 hivi na upana wa takriban milimita 0.03, iko wazi katikati, na imelala kufuata urefu wa shina. Mti ulipokuwa hai, seli hizo ndizo zilizopandisha maji kutoka mizizini. Ubao ni kama mamilioni ya mirija ya soda iliyobanwa pamoja, na kimiminika chochote kinachougusa hunyonywa.

Tatizo ni kwamba mirija hiyo hailingani. Msimu wa mvua, mti unapokua haraka, hujenga seli pana zenye kuta nyembamba. Ukame unapokaribia, hujenga seli finyu zenye kuta nene. Tabaka hizo mbili ndizo zinazochora mistari tunayoiona kwenye ubao: sehemu laini nyeupe na sehemu ngumu ya hudhurungi. Ukipaka rangi, sehemu nyeupe hunywa nyingi na kuwa nyeusi, ilhali sehemu ngumu hunywa kidogo na kubaki karibu kama ilivyokuwa. Mistari inageuka: palipokuwa peupe panakuwa peusi kuliko jirani yake. Ndiyo maana paini iliyotiwa rangi bila maandalizi haifanani na mninga hata rangi iwe ghali kiasi gani.

Mwaka 1921 mkemia Mmarekani Edward Washburn alichapisha kanuni inayoeleza jinsi kimiminika kinavyosafiri ndani ya mrija mwembamba. Kanuni yake ina mambo matatu yanayomhusu fundi moja kwa moja. Mrija ukiwa mpana zaidi, kimiminika hufika mbali zaidi katika muda uleule. Muda ukiongezeka, umbali nao huongezeka, ingawa polepole: ili rangi izame mara mbili zaidi, inahitaji muda mara nne. Na kimiminika kikiwa kizito, safari yake hupungua. Mdomo wa mrija, muda, na uzito wa kimiminika: karibu kila mbinu ya kusawazisha rangi hugusa mojawapo ya hayo.

Mwelekeo wa mirija nao una nguvu. Katika miti ya jamii ya paini, kimiminika hupita kwa urefu wa seli kwa urahisi wa mamia hadi maelfu ya mara kuliko kupenya kwa ubavu. Kwenye ncha ya ubao, pale msumeno ulipokata, midomo ya mirija yote iko wazi, na rangi huzama bila kizuizi. Karibu na kifundo, nyuzi za mti hujipinda ili kulizunguka tawi. Ubao ukipasuliwa hapo, midomo mingi hutokeza juu kwa mshazari. Kwa hiyo kando ya kifundo kuna ncha ndogondogo nyingi zilizojificha katikati ya uso wa meza. Kifundo chenyewe, kwa upande mwingine, kimejaa utomvu na hukataa rangi.

Ubao mbichi hauna nafasi ya rangi

Paini iliyotoka kupasuliwa inaweza kubeba maji yenye uzito mkubwa kuliko ubao wenyewe ukiwa mkavu. Maji hayo hukaa katika nafasi ileile ambayo rangi ingeingia. Ubao unapokauka, mirija hutoka maji kwanza; unyevu ukishuka hadi asilimia 28 au 30 hivi, maji yaliyobaki ni yale yaliyoshikwa na kuta za seli, na kuanzia hapo ubao huanza kusinyaa. Kwa samani za ndani, unyevu unaofaa ni karibu asilimia 12.

Karakana isiyo na kipimo cha unyevu ina njia rahisi. Mbao zipangwe chini ya paa, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite, kisha kipande kimoja kipimwe uzito kila baada ya siku kadhaa. Uzito ukiacha kupungua, ubao umelingana na hewa ya mahali pale. Rangi ikipakwa kabla ya hapo, sehemu iliyokauka itanywa na yenye unyevu itakataa, na hakuna msasa unaoweza kurekebisha hilo.

Namba za msasa

Mashine ya randa huacha uso unaong'aa, na wengi hudhani uso huo uko tayari. Kisu kikiwa butu hakikati nyuzi bali huzikandamiza, na seli laini hubanwa zikaziba. Sehemu hizo hukataa rangi, na alama za kisu hujitokeza kama mawimbi. Msasa wa kwanza una kazi ya kuondoa ngozi hiyo iliyobanwa na kuufanya uso wote uwe wa aina moja.

Namba ya msasa ikipanda, chembe zake huwa ndogo. Kwa kipimo chenye herufi P, chembe za P80 zina upana wa wastani wa milimita 0.2, yaani sawa na seli sita au saba za paini zikipangwa ubavu kwa ubavu. Chembe za P120 zina milimita 0.125, na za P180 zina milimita 0.08 hivi. Mkwaruzo wa P80 ni mfereji mkubwa mno ukilinganishwa na mirija ya mti, na chembe za rangi hutua humo na kubaki. Jicho halioni mkwaruzo kwenye ubao mweupe. Rangi ndiyo inayouonyesha.

Kwa hiyo namba hupandwa kwa ngazi: 80, 120, kisha 150 au 180. Anayeruka kutoka 80 hadi 220 hulainisha tu vilele vya mikwaruzo na kuacha mabonde yake. Mkono ufuate urefu wa nyuzi, maana mkwaruzo uliopita kwa kukata nyuzi huonekana mara moja. Kwa uso wa paini, 180 inatosha. Ukiendelea hadi 400, uso unakuwa laini kiasi kwamba chembe za rangi hazina pa kushika, na rangi hutoka hafifu. Ncha za ubao ni tofauti: hizo zipigwe 220 au hata 320 kwa makusudi, ili midomo ya mirija ipunguzwe na rangi yake ikaribiane na ya uso.

Kama rangi itakayotumika ni ya maji, kuna hatua moja zaidi. Maji huvimbisha nyuzi, na uso laini hugeuka kuwa na vinyweleo. Futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke kabisa, kisha upitishe msasa kwa mkono mwepesi. Vinyweleo vikikatwa sasa, havitasimama kwa wingi rangi itakapofika.

Kipimo cha spiriti

Adui mwingine ni gundi. Tone lililobubujika kwenye kiungo na kufutwa juujuu huziba mirija, na baadaye huacha doa jeupe lisilopokea rangi. Likiwa bado kwenye ubao mkavu, halionekani.

Fundi makini hufuta meza nzima kwa kitambaa kilicholowa spiriti au thina, kwenye hewa ya kutosha na mbali na moto. Kwa dakika chache ubao hukolea, na huonyesha karibu kila kitu ambacho rangi ingekifichua: alama za gundi hubaki zimepauka, mikwaruzo hujichora, na sehemu zenye kiu kali hutangulia kuwa nyeusi. Tochi ikilazwa pembeni mwa ubao huonyesha yaliyosalia. Kila doa huwekewa alama ya penseli nyepesi na kurudiwa kwa msasa. Spiriti ikishapotea hewani, ubao uko kama ulivyokuwa, na kosa limepatikana kabla halijawa la kudumu.

Kuupunguzia ubao kiu

Msasa peke yake hausawazishi seli pana na finyu. Hapo huhitajika kinywaji cha kwanza, chepesi, kinachotangulia rangi. Mojawapo ya vinavyotumika tangu zamani ni shelaki, utomvu unaotengenezwa na mdudu Kerria lacca na kuvunwa hasa India na Thailand. Gramu 60 hivi za shelaki kavu zikiyeyushwa katika lita moja ya spiriti hutoa kimiminika chepesi sana. Kinapopakwa, sehemu zenye kiu hukinywa kwa wingi, spiriti hupotea, na shelaki hubaki ndani ikiwa imeziba nafasi kiasi. Sehemu ngumu hupokea kidogo. Yaani dawa hujigawa yenyewe kulingana na ugonjwa. Baada ya kukauka na kupigwa msasa mwepesi, rangi ya mafuta hupata uso wenye kiu inayokaribiana. Rangi yenye spiriti haifai juu yake, kwa sababu itaiyeyusha shelaki upya.

Sila ya msasa (sanding sealer) iliyozimuliwa sana kwa thina hufanya kazi hiyohiyo. Ikiwa nzito mno ubao hautapokea rangi kabisa, na ikiwa nyepesi mno mabaka yatabaki. Kiasi sahihi hupatikana kwa kujaribu kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule. Njia nyingine ni kutumia rangi nzito iliyo kama uji, ambayo haizami haraka, na kuifuta kwa muda sawa kila sehemu. Kanuni ya Washburn inafanya kazi hapo pia: anayeanza kufuta upande mmoja na kuchelewa upande wa pili hujitengenezea mabaka kwa tofauti ya muda.

Mbao nyingine zina mahitaji yake. Msaji wa mashamba ya miti ya Longuza au Mtibwa una mafuta ya asili yanayopanda juu taratibu, hivyo hufutwa kwa thina na kupakwa muda mfupi baada ya msasa.

Vumbi na matambara

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ni sehemu ya maandalizi, sawa na msasa wenyewe.

Matambara nayo yanaua. Mafuta ya kitani, yanayotumika katika rangi na vanishi nyingi, hukauka kwa kuungana na oksijeni na kutoa joto. Tambara likikunjwa, joto halina pa kutokea na moto unaweza kuwaka wenyewe. Februari 23, 1991, matambara ya namna hiyo yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakirudishia mng'ao mbao za ukutani yaliwasha moto katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, Marekani. Moto ulidumu takriban saa 19 na kuua wazimamoto watatu. Tambara lililotumika litandazwe nje likiwa peke yake hadi likauke, au lizamishwe ndani ya ndoo ya maji.

Kwa mteja, ombi ni moja: unapoagiza kabati au kitanda cha paini, usihesabu siku za kukausha, msasa na majaribio kuwa uvivu wa fundi. Mwombe akuonyeshe kipande cha majaribio cha ubao uleule, kikiwa na rangi na vanishi juu yake, na mkubaliane juu ya kipande hicho kabla hajagusa samani yako.