Bajeti kama Matini: Ujenzi na Uhariri wa Makadirio ya Filamu kwa Programu ya Tarakilishi

Utangulizi

Tamthilia ya Kiswahili imezoeleka kusomwa kwa jicho la maudhui, wahusika na mtindo. Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa kuichambua kazi hadi kwenye kiini chake, lakini ni nadra kufunzwa gharama ya kuihamisha kazi hiyo kutoka kitabuni hadi kwenye skrini. Hata hivyo, vikundi vya uigizaji nchini Kenya huzuru shule za upili vikiigiza vitabu vinavyotahiniwa, na baadhi yavyo hurekodi maigizo hayo kwa video. Kila kikundi cha aina hiyo hukabiliwa na maswali mawili kabla ya kamera kuwashwa: kazi itagharimu kiasi gani, na ni kipi kitakachoachwa fedha zikipungua?

Makala haya yanaeleza namna bajeti ya filamu inavyojengwa na kuhaririwa kwa kutumia programu maalumu. Mfano mkuu ni Movie Magic Budgeting, programu ya kampuni ya Marekani ya Entertainment Partners, ambayo imetumiwa kwa miaka mingi na watayarishaji wa filamu. Hoja inayotetewa ni kwamba bajeti ni matini inayozaliwa na mswada, na kwamba kipengele kisichopewa mstari wake katika matini hiyo hukosa mtetezi siku ya kupunguza gharama. Lugha ni miongoni mwa vipengele vinavyoathirika zaidi.

Kutoka Mswada hadi Mstari

Bajeti haianzi kwa kuandika tarakimu. Huanza kwa kuusoma mswada onyesho baada ya onyesho, na kuorodhesha kila kitu kinachotajwa humo. Ichukuliwe kwamba maelezo ya jukwaani ya onyesho fulani yanasema: ni usiku, mvua inanyesha, wavuvi wanavuta mtumbwi pwani. Kwa mhakiki, hayo ni mandhari. Kwa mtayarishaji, ni taa za usiku, maji ya kuigiza mvua, kukodi mtumbwi, waigizaji wa ziada, mavazi ya akiba kwa wanaolowa, chakula cha wote hao na usafiri wa kuwarudisha makwao usiku. Sentensi moja imezaa mistari saba au zaidi. Msomaji asiyeyazingatia maelezo ya jukwaani hawezi kuandika bajeti ya kuaminika, na hapa ujuzi wa mwanafunzi wa fasihi unakuwa na manufaa ya moja kwa moja.

Viwango Vitatu vya Bajeti

Katika programu iliyotajwa, bajeti ina viwango vitatu. Cha kwanza ni ukurasa wa muhtasari, unaoonyesha mafungu makuu na jumla ya kila fungu. Cha pili ni kasma zilizomo ndani ya fungu. Kwa mfano, fungu la waigizaji laweza kuwa na kasma ya waigizaji wakuu na kasma ya waigizaji wa ziada. Cha tatu ni mistari ya kina, ambamo hesabu yenyewe hufanyika. Tarakimu huandikwa katika kiwango cha tatu, kisha programu huzijumlisha na kuzipandisha hadi kwenye kasma, na kutoka hapo hadi kwenye muhtasari.

Kwa desturi ya tasnia ya filamu ya Marekani, mafungu hugawanywa kwa mstari mmoja mkubwa. Juu yake huwekwa haki za hadithi, mwandishi, mtayarishaji, mwelekezi na waigizaji wakuu. Chini yake huwekwa kikosi cha kurekodi, vifaa, maeneo, usafiri, uhariri wa picha na sauti, pamoja na gharama nyingine kama vile bima.

Jinsi mshororo wa shairi ulivyo na vipande vyake, ndivyo mstari wa bajeti ulivyo na safu zake: maelezo, kiasi, kipimo, kizidisho na bei. Kiasi kikizidishwa kwa kizidisho na bei, jumla hupatikana. Waigizaji wakuu 4 wakirekodi kwa siku 12 kwa malipo ya shilingi 8,000 kwa siku, jumla ni shilingi 384,000. Majina ya kasma na mistari huandikwa na mtumiaji mwenyewe. Kwa hiyo, ijapokuwa menyu za programu ni za Kiingereza, hakuna kinachozuia bajeti yenyewe kuandikwa kwa Kiswahili.

Thamani za Pamoja na Nyongeza za Asilimia

Faida kubwa ya programu ya aina hii haipo katika kujumlisha, kwa kuwa hata kikokotoo hujumlisha. Ipo katika kuunganisha. Mtumiaji huweza kuunda thamani ya pamoja, akaipa jina kama SIKU na kiasi cha 12, kisha akaandika jina hilo, badala ya tarakimu, katika kila mstari unaotegemea siku za kurekodi.

Ichukuliwe kwamba mistari mitatu imeunganishwa hivyo: waigizaji wakuu (384,000), chakula cha watu 30 kwa shilingi 600 kila mmoja kwa siku (216,000), na kukodi kamera kwa shilingi 15,000 kwa siku (180,000). Ikiamuliwa kwamba siku zipunguzwe kutoka 12 hadi 10, badiliko hufanywa mahali pamoja tu. Waigizaji hushuka hadi 320,000, chakula hadi 180,000 na kamera hadi 150,000. Shilingi 130,000 zimeokolewa kwa kubadilisha tarakimu moja. Lakini iwapo aliyejenga bajeti aliandika 12 kwa mkono katika mstari wa chakula, mstari huo hautabadilika, na bajeti itawalisha watu kwa siku mbili ambazo hawatafanya kazi.

Nyongeza za asilimia hufuata kanuni iyo hiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 humtoza mwajiri asilimia 1.5 ya mshahara ghafi wa mwajiriwa, sawa na kiasi anachokatwa mwajiriwa mwenyewe. Fungu la mwajiri ni gharama ya filamu, na mtumiaji huliunda mara moja kisha akaliambatisha kwa mistari inayohusika. Umuhimu wa kuziweka asilimia mahali pamoja ulidhihirika pale ushuru wa VAT uliposhushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 mnamo Aprili 2020, kisha ukarudishwa hadi 16 mnamo Januari 2021. Bajeti iliyounganishwa vyema hurekebishwa kwa dakika moja. Ile iliyoandikwa kwa mkono hulazimu kila mstari kukaguliwa upya.

Mwishoni huongezwa fungu la dharura, ambalo aghalabu ni asilimia 10 ya gharama. Wahenga walisema mipango si matumizi, na fungu hili ni ukiri wa ukweli huo kwa tarakimu.

Kuihariri Bajeti

Bajeti ya kwanza ni rasimu. Uhariri wake unahitaji nidhamu ileile inayohitajika katika uhariri wa mswada. Kwanza, nakala ya awali ihifadhiwe kwa tarehe yake kabla ya kuguswa. Pili, jumla za awali zilinganishwe na jumla mpya, fungu kwa fungu, ili ionekane ni wapi palipobadilika. Tatu, mistari inayotegemea uamuzi ambao haujafikiwa iwekwe katika makundi. Kwa mfano, gharama za kurekodi Lamu ziwe kundi moja na za kurekodi Mji wa Kale wa Mombasa kundi jingine, ili kundi moja liondolewe katika hesabu pasipo kufutwa. Nne, mstari unaoachwa ubakizwe ukiwa na kiasi cha sifuri, kwa sababu mstari uliofutwa hausahihishiki. Hakuna atakayekumbuka kwamba uliwahi kuwapo.

Nafasi ya Lugha katika Bajeti

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapopata uzito. Bajeti nyingi hufuata kiolezo kilichotayarishwa kwa mazingira mengine. Mtayarishaji hujaza nafasi alizozikuta, na vitu visivyo na nafasi huangukia kasma ya mengineyo, ambayo huwa ya kwanza kukatwa. Filamu ya Kiswahili ina mahitaji ambayo kiolezo huenda kisiyataje.

La kwanza ni haki za kazi asilia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye hakimiliki mamlaka juu ya urekebishaji wa kazi yake, na ulinzi wa kazi ya fasihi hudumu kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Hivyo, idhini ya mwandishi au warithi wake ni gharama inayostahili mstari wake juu kabisa. La pili ni mshauri wa lahaja: mwigizaji aliyelelewa bara hawezi kuigiza nahodha wa Lamu kwa Kiamu cha kubahatisha. La tatu ni manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha kwa ajili ya hadhira isiyojua Kiswahili.

Katika mfano wa hapo juu, mshauri wa lahaja akilipwa shilingi 3,000 kwa siku 6 za mazoezi, gharama ni 18,000. Manukuu ya filamu ya dakika 20, kwa shilingi 1,000 kwa kila dakika, ni 20,000. Kwa pamoja ni shilingi 38,000. Siku moja ya kurekodi, kwa mistari mitatu pekee iliyotajwa, ni shilingi 65,000. Lugha ya filamu nzima imegharimu kiasi kinachozidi kidogo nusu ya siku moja. Anayedai kwamba fedha za kusanifu lugha hazipatikani aombwe aonyeshe mstari alimoziandika; mara nyingi itagunduliwa kwamba hazikukosekana, bali hazikuombwa.

Hitimisho

Programu haijui bei ya mtumbwi wala haisomi mswada. Kazi yake ni kuyaunganisha yale ambayo msomaji makini ameyaona na kuyaandika. Kikundi kisichomudu kulipia programu maalumu kinaweza kutumia jedwali la Excel kwa kanuni zizo hizo: viwango vitatu, thamani iliyoandikwa mahali pamoja, na nakala yenye tarehe. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hatua ya kwanza ni nyepesi. Pindi bajeti ya igizo au filamu itakapoletwa mezani, itafutwe kasma ya lugha. Isipokuwapo, iongezwe kabla ya jumla kupigwa.