Kikombe cha mtoto

Kikombe cha mtoto ni chombo cha kunywea kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto mdogo anayeanza kunywa mwenyewe maji, maziwa au uji, kwa kawaida kuanzia umri wa miezi 6 hadi miaka 3. Aina mbili zinazouzwa zaidi ni kikombe cha mdomo, ambacho mfuniko wake una mdomo mgumu au laini uliochomoza, na kikombe cha mrija, ambacho mtoto hufyonza kinywaji kwa mrija uliopitishwa katika mfuniko. Aina ya tatu ni kikombe cha wazi, yaani kikombe cha kawaida kisicho na mfuniko. Hicho ndicho cha zamani kuliko vyote, na mara nyingi husahauliwa pale wazazi wanapolinganisha viwili vya kwanza.

Jijini Dar es Salaam vikombe hivi hupatikana katika maduka ya Kariakoo, na kutoka huko hufika kwenye masoko na maduka ya pembezoni mwa jiji kama Tandika na Mbagala katika Wilaya ya Temeke, au Mwananyamala na Tegeta katika Wilaya ya Kinondoni. Dukani mnunuzi huona rangi, picha na bei. Jambo lenye uzito zaidi kwa afya ya mtoto, yaani kama kikombe kinaweza kusafishwa chote hadi ndani, halionekani kirahisi mpaka kifunguliwe.

Historia

Mrija wa kunywea ni wa kale sana. Watu wa Mesopotamia walikuwa wakinywa pombe kwa mirija miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, na katika Afrika ya Mashariki Wateso wa Uganda na Kenya wamejulikana kwa kukaa kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija wa karatasi ulisajiliwa na Mmarekani Marvin Stone mwaka 1888. Mwaka 1937 Joseph Friedman alipata hataza ya mrija unaopinda, ambao hospitali ziliupokea mapema kwa kuwa mgonjwa aliweza kunywa akiwa amelala.

Kikombe cha mdomo kisichomwaga ni cha juzi tu. Katika miaka ya 1980 mhandisi wa mitambo wa Marekani, Richard Belanger, alichoka kufuta vinywaji vilivyomwagwa na mwanawe, akatengeneza mfuniko wenye vali inayofunguka pale tu mtoto anapofyonza. Kampuni ya Playtex ilichukua haki ya kuutengeneza, na katika miaka ya 1990 vikombe vya aina hiyo vilienea duniani.

Inafaa kukumbuka asili hiyo. Kikombe cha vali kilibuniwa ili kuokoa zulia na kiti cha gari, si kwa sababu kinywa cha mtoto kilikihitaji. Katika nyumba yenye sakafu ya saruji au mkeka, maziwa yakimwagika hufutwa kwa tambara na shughuli huendelea. Faida kubwa ya kikombe hicho kwa familia ya Chamazi au Bunju iko safarini, ndani ya daladala au kwenye foleni ya kliniki, kuliko nyumbani.

Namna vinavyofanya kazi

Kikombe cha mdomo kisicho na vali hutiririsha kinywaji kikiinamishwa. Mtoto hulaza kichwa nyuma kidogo na kupokea kinachokuja, karibu sawa na anavyofanya kwa chupa. Kikiwa na vali, kinywaji hakitoki mpaka afyonze kwa nguvu, na tendo lenyewe hubaki kuwa kunyonya.

Kwa kikombe cha mrija mtoto hahitaji kuinamisha kitu. Hufunga midomo kuzunguka mrija, hupunguza hewa kinywani, na kinywaji hupanda. Midomo na mashavu hufanya kazi, ulimi hurudi nyuma, na kichwa hubaki wima. Baadhi ya vikombe vya mrija navyo vina vali, kwa hiyo jina la "mrija" peke yake halimwambii mnunuzi kila kitu.

Kinywa, meno na matamshi

Mtoto mchanga humeza kwa kusukuma ulimi mbele na nyuma. Kadiri anavyokua, ncha ya ulimi hujifunza kupanda na kugusa ufizi nyuma ya meno ya juu wakati wa kumeza. Wataalamu wengi wa tiba ya matamshi hupendelea kikombe cha mrija au cha wazi kwa sababu mdomo mgumu wa plastiki hukaa juu ya ulimi na kuuzuia kupanda. Hoja hii ina mantiki, lakini utafiti unaoithibitisha bado ni mdogo. Mtoto aliyetumia kikombe cha mdomo mara chache kwa siku hawezi kutazamiwa kuchelewa kusema kwa sababu hiyo pekee. Kinacholetea wasiwasi ni kikombe kinachokaa kinywani kutwa nzima, na mtoto anayechelewa kusema apelekwe kupimwa masikio na maendeleo yake badala ya kubadilishiwa kikombe tu.

Mrija nao una kosa lake. Ukiingia ndani sana kinywani, mtoto huuzungushia ulimi na kunyonya vilevile kama chupa. Ncha tu ndiyo inayopaswa kupita midomo, na mrija mrefu wa kawaida unaweza kukatwa ukafupishwa.

Kwa meno, aina ya kikombe ina uzito mdogo kuliko kilichomo ndani. Chai ya sukari, juisi na soda vinavyonywewa kidogo kidogo kwa saa nyingi huyaogesha meno ya mbele katika sukari, na bakteria hugeuza sukari hiyo kuwa asidi. Kikombe kisichomwaga ndicho kinachorahisisha tabia hiyo, kwa kuwa mzazi haogopi kumwachia mtoto azunguke nacho. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe juisi ya matunda kabisa, na wa umri wa mwaka 1 hadi 3 asizidishe takriban mililita 120 kwa siku. Kati ya milo, maji safi yanatosha.

Usafi katika mazingira ya Dar es Salaam

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa wa afya na uhai. Kuhara huwapata sana watoto wa umri wa miezi 6 hadi 23, kipindi kilekile wanachoanza kupewa vyakula na vinywaji vingine pamoja na maziwa ya mama. Vimelea huingia kwa maji, mikono na vyombo. Chombo chenye vali, mpira wa kuzuia kuvuja na mrija mwembamba kina pembe nyingi ambazo maziwa na uji hujificha, na katika joto la Dar es Salaam mabaki hayo huchacha kwa saa chache. Ukungu mweusi chini ya mpira wa mfuniko ni jambo la kawaida kwa kikombe kinachosuuzwa bila kufunguliwa.

Maji ya kuoshea nayo si ya uhakika kila mahali. Jiji hutegemea zaidi mto Ruvu, na mwezi Oktoba 2022 kina chake kilipopungua wakazi waliingia katika mgawo wa maji. Hata nyakati za kawaida nyumba nyingi za pembezoni hununua maji kwa madumu ya lita 20 au huteka ya kisima, ambayo sehemu nyingine yana chumvi. Mlipuko wa kipindupindu wa mwezi Agosti 2015 ulianzia Kinondoni kabla ya kusambaa katika mikoa mingine ya Tanzania Bara. Familia inayohesabu madumu haiwezi kulaumiwa kwa kusuuza kikombe haraka, lakini ndiyo sababu inayofanya kikombe chenye vipande 2 kiwe bora kuliko chenye vipande 6, hata kama hicho cha pili ni cha bei kubwa.

Kwa kipimo hiki kikombe cha wazi hushinda vyote. Huoshwa kwa sabuni na vidole, na macho huona kama kimetakata. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF kwa miaka mingi wamependekeza kikombe cha wazi badala ya chupa hata kwa mtoto mchanga ambaye kwa sababu fulani hawezi kunyonya titi, kwa sababu hiyohiyo ya usafi. Huduma za kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto nazo zilieneza ujuzi wa kunywesha kwa kikombe.

Kati ya kikombe cha mdomo na cha mrija, cha mdomo kisicho na vali husafishika vizuri zaidi. Mrija huhitaji brashi nyembamba inayopita kutoka mwanzo hadi mwisho, na dukani ni busara kuuliza kama brashi hiyo imo kwenye pakiti, kwa maana kuipata peke yake baadaye si rahisi. Mrija wa silikoni uliobadilika rangi, uliochanika kwa meno au unaonuka hata baada ya kuoshwa hutupwa. Kila sehemu hufunguliwa, huoshwa kwa sabuni na maji safi, husuuzwa na kuachwa ikauke wazi pasipo nzi. Kikombe chenye alama ya pembetatu na namba 5 ni cha polipropilini, plastiki inayostahimili maji ya moto kuliko nyingine nyingi.

Maziwa au uji uliobaki katika kikombe baada ya saa 2 haupaswi kurudishiwa mtoto. Jambo hili hugusa hasa watoto wanaoshinda na bibi, dada wa kazi au kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, ambapo kikombe kilichojazwa saa 12 asubuhi huweza kutumika hadi mchana. Ni salama zaidi kupeleka maji tu katika kikombe cha mtoto na kuacha uji ukorogwe huko.

Uji

Uji wa mahindi, mtama au ulezi haupiti vizuri katika vali wala mrija. Walezi wengine huuongezea maji mpaka upite, au hupanua tundu la mdomo wa kikombe kwa kisu. Njia zote mbili zina hasara. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo kwa maji bila kumpa mtoto nguvu ya kutosha, na tundu lililopanuliwa humwaga kwa kasi, hivyo mtoto anaweza kupaliwa. Uji unaofaa ni ule unaobaki kwenye kijiko bila kutiririka, na kwa hiyo mahali pake ni bakuli na kijiko.

Usalama

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikadiria kuwa kati ya 1991 na 2010 watoto 45,398 wa chini ya miaka 3 walitibiwa katika vitengo vya dharura vya nchi hiyo kwa majeraha yaliyohusiana na chupa, chuchu bandia na vikombe vya mdomo. Wengi walikuwa wa umri wa mwaka mmoja waliokuwa wakitembea au kukimbia na chombo kinywani, wakaanguka. Mrija mgumu unaweza kuumiza kaakaa kwa namna ileile. Mtoto anapaswa kunywa akiwa ameketi, na mtu mzima awe karibu.

Mwaka 2012 Marekani iliondoa ruhusa ya kutumia kemikali ya bisfenoli A katika chupa na vikombe vya watoto; Umoja wa Ulaya ulikuwa umeizuia katika chupa za watoto mwaka 2011. Kemikali hiyo ilipatikana katika plastiki ngumu angavu ya polikaboneti, ambayo kwa kawaida huwekwa katika kundi la alama ya namba 7.

Watoto wenye mahitaji maalumu

Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hawezi kufyonza kwa mrija vizuri, kwa kuwa hewa hupita puani. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kushindwa kufunga midomo, au akapaliwa na kinywaji chepesi katika chombo chochote. Kwa watoto hawa kikombe huchaguliwa pamoja na mtaalamu. Wataalamu wa kulisha na wa matamshi ni wachache nchini. Miongoni mwa mahali wazazi wa Dar es Salaam wanapoweza kuanzia ni hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, Kinondoni, inayohudumia watoto wenye ulemavu na wenye mdomo uliopasuka.

Kumfundisha mtoto

Kabla ya miezi 6 mtoto anayenyonya hahitaji kikombe cha aina yoyote, hata cha maji. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015–2016, asilimia 59 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 64. Baada ya hapo kunyonya huendelea hadi miaka 2 au zaidi, na kikombe hukaa pembeni ya titi bila kuchukua nafasi yake. Anayetumia chupa hushauriwa kuiacha kati ya miezi 12 na 18.

Mrija hufundishwa kwa kuuchovya katika maji, kuziba ncha ya juu kwa kidole, kisha kuachia matone kinywani mwa mtoto anapofunga midomo. Baada ya majaribio machache wengi hufyonza wenyewe. Kikombe cha wazi huanza na maji kidogo, kiasi cha vijiko viwili, mlezi akishika kitako na kugusisha ukingo kwenye mdomo wa chini bila kumimina. Mtoto atamwaga kwa wiki kadhaa. Kwa mzazi mwenye uwezo wa kununua kikombe kimoja tu, kikombe kidogo cha plastiki kilichopo kabatini kinatosha nyumbani. Pesa ikiruhusu cha pili kwa ajili ya safari, cha mrija chenye vipande vichache kina nafasi kuliko cha mdomo chenye vali.