Chuki ya mtandaoni hubisha hodi kabla ya kuingia

Machi 16, 2020, siku tano baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kutangaza korona kuwa janga la dunia, Rais Donald Trump wa Marekani aliandika Twitter akikiita kirusi hicho "cha Kichina". Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichambua jumbe karibu 700,000 za wiki ya kabla na ya baada ya siku hiyo. Hashitegi zilizoandamana na jina hilo, nusu yake zilibeba chuki dhidi ya watu wenye asili ya Asia. Zilizoandamana na jina la kitabibu, covid-19, ilikuwa moja kati ya tano tu.

Haikupaswa kumshangaza mtu. Tangu 2015 WHO ilishaonya kwamba ugonjwa usipewe jina la nchi wala la watu.

Katika Chuo cha Teknolojia cha Georgia, watafiti wengine walipitia jumbe milioni 206 za Twitter wakaona kwamba anayekutana na matusi ya kibaguzi mara kwa mara ana uwezekano mkubwa wa kuja kuyaandika mwenyewe. Ndiyo maana chuki hutabirika: kompyuta hutazama unamfuata nani, unajibizana na nani na unasambaza nini, kisha hukadiria unakoelekea.

Waafrika tuliionja shubiri hiyo Aprili 2020 mjini Guangzhou, China, ndugu zetu walipofukuzwa kwenye nyumba walizopanga kwa madai kwamba wanaeneza virusi. Hakuna taifa lenye hakika ya kubaki upande wa watukanaji.

Hata hivyo, utabiri usigeuzwe rungu. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa neno ambalo hajalitamka, na mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza itayumba mbele ya mafumbo na vijembe vyetu. Faida yake iko kwingine: kuonyesha mapema pa kupeleka majibu. Utafiti huohuo wa Georgia ulionyesha kuwa jumbe za kuikemea chuki zinaweza kumzuia mtu asijiunge na watukanaji.

Basi wizara za afya zinapoweka akiba ya barakoa na dawa, ziandae pia watu wa kujibu uvumi tangu siku ya kwanza, redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa lugha za wananchi. Nasi tunaosoma tusinyamaze: anayemwita jirani yake ugonjwa ajibiwe papo hapo, kwa ukweli na bila tusi.